Ulinzi wa timu yako ya chuo unavuja: ni mfumo au ni wachezaji?

Kila Oktoba mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, hugawanyika. Timu imefungwa alama 40 Jumamosi, na kufikia Jumapili asubuhi kundi moja linataka kocha wa ulinzi atimuliwe kwa kuwa mfumo wake umepitwa na wakati, huku jingine likiapa kwamba hata angeletwa nani, kwa wachezaji hawa asingefika popote. Ubishi huu haufiki mwisho kwa sababu kila upande unaanza na jibu, halafu unatafuta ushahidi. Hapa tunaanza na dalili. Chukua ile unayoiona kwenye mechi, pitia vyanzo kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra, na fanya ukaguzi mwepesi kabla hujadai mtu afukuzwe kazi.

Kipimo cha kwanza, kwa dalili zote

Rudisha video ya tukio lililowaumiza na uisimamishe pale mpira unapofika. Jiulize: mtu alikuwepo?

Akiwa alikuwepo mahali pake na akazidiwa mbio, nguvu au urefu, hilo ni tatizo la mchezaji, na nyuma yake ni tatizo la usajili. Ikiwa hakuna mtu aliyepangwa kuwepo pale, yaani wote 11 walifanya walichoambiwa na bado uwanja ulikuwa wazi, hilo ni la mfumo. Lakini lipo jibu la tatu, nalo ndilo utakalolipata mara nyingi kuliko mengine: mtu alipaswa kuwepo, hakuwepo. Alisoma vibaya, hakusikia maelekezo, au alifuata mpira badala ya kushika kazi yake. Hapo ugonjwa uko kwenye mafundisho. Makundi yote mawili ya mashabiki hulisahau jibu hili kwa sababu halimfaidi mbishi yeyote.

Tukio moja halithibitishi kitu. Kusanya matukio kumi mabaya kutoka mechi mbili au tatu, uyaandike kwenye karatasi chini ya majibu hayo matatu, kisha uone karatasi imelemea wapi.

Angalia pia kama una tatizo kweli. Alama za kufungwa kwa mechi hudanganya. Timu ambayo washambuliaji wake hufunga haraka humrudisha mpinzani uwanjani kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ulinzi wake hukabili zamu nyingi (vipindi vya mpinzani kushika mpira) kuliko wengine. Hesabu alama kwa kila zamu ya mpinzani na yadi kwa kila jaribio, yaani tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama. Ondoa alama zilizotokana na pasi za kwotabeki wenu (mrusha pasi mkuu) zilizodakwa na wapinzani na kurudishwa hadi langoni, kwa maana ulinzi haukuwa hata uwanjani.

Dalili: mpokeaji anadaka pasi ndefu akiwa peke yake

Vyanzo, kuanzia kinachotokea mara nyingi:

1. Mawasiliano yamevunjika. Konabeki (mlinzi wa pembeni anayekaba wapokeaji) anadhani sefti (mlinzi wa mwisho) yuko nyuma yake, sefti anadhani konabeki anakwenda na mtu. Ukaguzi: tazama mikono baada ya tukio. Walinzi wawili wakinyoosheana vidole au wakiinua viganja, umepata jibu lako.
2. Kwotabeki ana muda mno. Hakuna konabeki duniani anayeweza kumkaba mtu kwa sekunde tano. Hesabu kwa sauti tangu mpira unapoanzishwa. Ukipita tatu na kwotabeki bado amesimama bila kuguswa, acha kuwalaumu wa nyuma, geukia safu ya mbele.
3. Mfumo unawaacha wapweke. Kila mtu na mtu wake, na sefti mmoja tu nyuma ya uwanja mzima.
4. Konabeki kweli hana mbio za kutosha.

Mashabiki huanza na la nne. Tazameni LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, Septemba 26, 2020. Walikuwa mabingwa wa nchi, wameifunga Clemson 42-25 Januari ya mwaka huo huo. Wakafungua msimu nyumbani dhidi ya Mississippi State ya kocha Mike Leach, timu iliyokuwa ikirusha mpira karibu kila jaribio, na wakalala 44-34. Kwotabeki K.J. Costello alirusha yadi 623, rekodi ya ligi ya SEC. Kocha mpya wa ulinzi, Bo Pelini, aliendelea kwa sehemu kubwa kukaba mtu kwa mtu, na wapokeaji wa Leach wakawa wanakatiza na kutoka wazi mara kwa mara. Waliosema "mfumo" walikuwa na ushahidi wao.

Waliosema "wachezaji" nao walikuwa nao. Grant Delpit, Patrick Queen, K'Lavon Chaisson na Kristian Fulton walikuwa wameshakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Derek Stingley, konabeki wao bora, hakucheza siku hiyo kwa ugonjwa. Na jibu la tatu lilikuwepo pia: Pelini alikuwa amebadilisha mpangilio wote wa aliyemtangulia, Dave Aranda, katika mwaka ambao janga la korona lilikata mazoezi ya majira ya kuchipua. Wachezaji wapya, lugha mpya, muda mfupi. Nikipima kwa mizani ya haki, naona kosa kubwa la kocha halikuwa kuchagua kukaba mtu kwa mtu. Lilikuwa kutobadilika baada ya robo ya kwanza kuonyesha hali ilivyo. LSU ilimaliza msimu na ushindi mara 5 na vipigo 5, na Pelini akaondoka baada ya mwaka mmoja.

Tiba ya haraka: punguza idadi ya mipangilio. Timu inayokosea mawasiliano ikiwa na mipangilio mingi hupunguza makosa ikibaki na michache. Tiba ya ndani zaidi: rudisha sefti wa pili nyuma, ukubali kupoteza yadi chache za katikati.

Dalili: pasi fupi za kukatiza zinawamaliza

Dalili hii inastahili nafasi yake peke yake kwa sababu hapa ndipo mfumo hukamatwa mkono ukiwa mfukoni. Mpokeaji anaanzia kushoto, anakatiza mbele ya uwanja kwenda kulia, anapewa mpira akiwa kwenye kasi. Anayemkaba mtu kwa mtu tayari yuko nyuma hatua moja, tena lazima apite katikati ya msongamano wa miili ya wenzake na ya wapinzani. Hata mwenye mbio atachelewa.

Michigan walijifunza hili kwa machozi. Novemba 2018 walikwenda Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wakiwa na mmojawapo wa ulinzi bora nchini, chini ya Don Brown, kocha aliyependa kukaba mtu kwa mtu na kushambulia kwotabeki kwa blitzi, yaani kutuma walinzi wa ziada wamkimbilie. Ohio State wakawafunga 62-39. Kwotabeki wao Dwayne Haskins alirusha tachidauni 6 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani), na wapokeaji wenye kasi kama Parris Campbell walikatiza uwanja huku walinzi wakiwafukuza. Mwaka uliofuata ikawa 56-27. Mara mbili, mpinzani yule yule, kidonda kile kile. Dalili inapojirudia kwa sura ile ile ingawa baadhi ya majina kwenye jezi yamebadilika, usitafute mchawi kwa wachezaji.

Ukaguzi mwepesi: je, walinzi wanaachiana watu wanapopishana, au kila mmoja anang'ang'ania wake? Je, kuna mtu yeyote aliyeachwa huru katikati kumsubiri anayekatiza? Majibu yakiwa hapana na hapana, tatizo liko kwenye ubao wa kocha.

Hata hivyo angalieni kilichofuata, kwa sababu kila upande hupenda kusimulia nusu yake. Msimu mfupi wa 2020 Michigan walishinda mechi 2 na kupoteza 4. Brown akaondoka, akaja Mike Macdonald kutoka Baltimore Ravens ya NFL, akiwa na mfumo unaoficha nia yake: kabla ya mpira kuanzishwa unaonekana hivi, baada ya hapo unageuka kingine. Mwaka 2021 Michigan waliifunga Ohio State 42-27. Ushindi wa mfumo? Ndiyo, lakini siku hiyo Aidan Hutchinson alimwangusha kwotabeki mara tatu, na alimaliza msimu akiwa na mara 14, rekodi ya chuo. Mwaka uliotangulia Hutchinson huyo huyo alikuwa amevunjika mguu. Macdonald alileta maarifa. Mguu uliopona ulileta yaliyobaki. Asiyetaja vyote viwili hajasema ukweli wote.

Dalili: wanakimbiwa katikati, yadi sita, saba, nane

Vyanzo kwa mpangilio:

1. Kukosa kumwangusha mtu. Mlinzi amefika, amegusa, mkimbiaji ameponyoka. Hesabu yadi zilizopatikana baada ya mguso wa kwanza.
2. Mwanya hauna mwenyewe. Kwa kawaida kila mlinzi wa mbele amepewa mwanya mmoja kati ya wachezaji wa safu ya washambuliaji. Mmoja akiuacha ili akawe shujaa kwenye mwanya wa jirani, mlango uko wazi.
3. Watu hawatoshi. Hesabu washambuliaji waliosogea karibu na mpira, kisha hesabu walinzi. Wakiwa saba dhidi ya sita, kocha amekubali kukimbiwa ili alinde pasi ndefu. Huo ni uamuzi wa mfumo na si lazima uwe kosa.
4. Safu ya mbele ni nyepesi. Walinzi wanasukumwa nyuma yadi mbili kila jaribio.

Chanzo cha nne ndicho kigumu kuliko vyote, maana miili mikubwa yenye wepesi ni michache na vyuo vikubwa huigombania. Ulinzi wa Georgia wa 2021 ulikuwa na Jordan Davis katikati, mtu wa zaidi ya kilo 150 anayekimbia kama mdogo wake. Aliposhika mianya miwili peke yake, walinzi wa nyuma yake walibaki huru kuwinda. Wachezaji watano wa ulinzi ule walichaguliwa raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 2022, Travon Walker akiwa wa kwanza kabisa. Kirby Smart, kocha wao, ni mwalimu hodari, lakini ukimnakili mfumo bila kuwa na Davis utakuwa umenakili ubao tu.

Vyanzo viwili vya kwanza hurekebishika wiki hadi wiki. Kuangusha mtu ni stadi ya miguu na mabega kabla ya kuwa ushujaa: sogea karibu, fupisha hatua, bega kwenye paja, kumbatia. Mwaka 2014 Seattle Seahawks ya NFL, chini ya kocha Pete Carroll, ilitoa video ya kufundisha namna hiyo, ikiazima wazi kutoka kwenye raga. Mkenya yeyote aliyewahi kucheza raga shuleni ataitambua.

Simama hapa. Kama wewe ni mzazi, au unasaidia kufundisha timu ya vijana, na unaona mchezaji anaingia kwa kuinamisha kichwa mbele, zuia mazoezi siku hiyo hiyo. Usisubiri mechi. Kwenye vyuo, kumlenga mpinzani kichwani au kumpiga kwa ncha ya kofia humtoa mchezaji nje tangu 2013, na hatari kubwa zaidi ni shingo ya mwenyewe. Mchezaji aliyegongwa kichwa kisha akapepesuka, akachanganyikiwa au akasema macho yana ukungu, harudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza yuko salama. Akitapika mara kwa mara, akipoteza fahamu, au akilalamika mikono na miguu imekufa ganzi, usimnyanyue. Ita gari la wagonjwa. Hakuna fundi wa nyumbani kwenye jambo hili.

Dalili: jaribio la tatu, yadi 12 zinahitajika, mpinzani anazipata

Timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, na la tatu likiwa na yadi nyingi ulinzi unatarajiwa kuzuia. Hakuna kinachomkera shabiki kama hiki, na hapa ndipo kelele za "mfumo" hupanda. Mara nyingi kelele hizo zina ukweli.

Chanzo cha kwanza ni kutabirika. Kama mlijaza blitzi kila jaribio la tatu tangu wiki ya kwanza, mpinzani ameshatazama video na ana pasi fupi inayotoka kabla blitzi haijafika. Cha pili ni kinyume chake: walinzi watatu tu wanamkimbilia kwotabeki, wanane wamerudi nyuma, naye anakunywa chai hadi mtu aonekane. Cha tatu, safu ya mbele ya watu wanne haiwezi kumfikia bila msaada, kwa hiyo kocha anachagua kati ya ubaya wa kwanza na wa pili. Hicho cha tatu ni suala la wachezaji lililovaa nguo za mfumo, na ndiyo sababu watu wawili wanaweza kutazama jaribio moja na kugombana kwa dhati.

Iowa ya Phil Parker, kocha wa ulinzi, ni mfano ninaoupenda. Ni nadra wapate wachezaji wa nyota tano, daraja la juu kabisa la vijana wanaosajiliwa. Hujaza kikosi kwa vijana wa nyota tatu, huwakuza miaka mitatu au minne, na hucheza mipangilio michache ya kukaba eneo ambayo kila mmoja anaijua hata akiamshwa usiku. Blitzi ni chache. Mwaka 2023 washambuliaji wao walikuwa dhaifu kupita kiasi, lakini ulinzi ulifungwa chini ya alama 15 kwa mechi, timu ikashinda mara 10, na Parker akapewa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora nchini. Usajili wao ulikuwa wa kawaida, mfumo wao si wa kisasa. Walichozidi wengine ni mafundisho.

Upande mwingine yupo Jon Heacock, aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Iowa State. Alikuwa kwenye ligi ya Big 12 iliyojaa kwotabeki wa kutisha, hana wanene wa kutosha mbele, akaanza kuweka wachezaji watatu mbele na sefti watatu nyuma. Mwaka 2017 waliifunga Oklahoma 38-31 kwao Norman, Oklahoma yenye Baker Mayfield aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, msimu huo. Kati ya walinzi wa Iowa State alikuwemo Joel Lanning, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa kwotabeki. Mfumo ukitengenezwa kwa kupima watu ulionao, unaweza kuziba mapengo ya usajili. Hauwezi kuyaziba yote. Oklahoma walipata alama 31 siku ile ile.

Dalili: mpira unaanzishwa walinzi bado wanatazama benchi

Chanzo karibu kila mara ni mafundisho na mawasiliano. Mpinzani anacheza haraka, ishara kutoka benchi ni ndefu, na lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) wa katikati hajui kuwapanga wenzake. Tangu 2024 timu za daraja la juu zinaruhusiwa redio kwenye kofia ya mchezaji mmoja wa ulinzi, na mawasiliano hukatwa saa ya jaribio ikibakiza sekunde 15 au mpira ukianzishwa. Kwa hiyo udhuru wa ishara umepungua nguvu. Ukiona mkanganyiko huu Septemba, vumilia. Ukiuona Novemba, kocha ana la kujibu.

Dalili: kipindi cha kwanza imara, cha pili maji

Hesabu majaribio ambayo ulinzi umecheza. Ukifika 80 na zaidi, tatizo huenda ni washambuliaji wenu wasiokaa na mpira. Ikiwa idadi ni ya kawaida, tazama wanaoingia kupumzisha wenzao: je, akiingia wa akiba ndipo mnafungwa? Hapo ni upungufu wa kikosi. Na kama ni wale wale wa kwanza, hawajachoka, na mpinzani amerudia mchezo mmoja mara nne akifaulu, basi benchi la wapinzani limebadilika wakati wa mapumziko na la kwenu halijabadilika.

Wakati wa kuacha kujitibia

Kamera ya televisheni humfuata kwotabeki, kwa hiyo sefti wawili huwa nje ya picha. Usimhukumu sefti kwa picha hiyo. Subiri video ya uwanja mzima, au msikilize mtu aliyewahi kufundisha ulinzi. Na kamwe usimwandikie mchezaji matusi. Ni mwanafunzi wa miaka 19. Kama amepangwa pasipomfaa, hakujipanga mwenyewe.

Kuhusu kumtimua kocha katikati ya msimu: kaimu anaweza kupunguza mipangilio, kubadilisha ishara, kumpumzisha asiyefanya kazi. Hawezi kuongeza uzito wa safu ya mbele wala kufundisha lugha mpya kwa siku sita. Tazameni USC, Chuo Kikuu cha Southern California. Novemba 4, 2023 Washington waliwafunga 52-42, na Dillon Johnson peke yake alikimbia yadi 256 na tachidauni 4. Kesho yake Alex Grinch, kocha wa ulinzi, akafutwa kazi. Wiki iliyofuata Oregon wakawafunga 36-27, na baada ya hapo UCLA 38-20. Waliotarajia nafuu ya papo hapo hawakuipata.

Kocha aliyesimamia ulinzi wa UCLA siku hiyo ya 38-20 alikuwa D'Anton Lynn. Mwezi uliofuata USC wakamwajiri. Msimu wa 2024 walifungwa takriban alama 24 kwa mechi, kutoka zaidi ya 34. Miongoni mwa waliokuja naye kutoka UCLA alikuwa sefti Kamari Ramsey, akaanza kwenye kikosi cha kwanza.